Malezi ya dijitali: Kumpokonya mtoto simu hakutoshi kumlinda

Na MWANDISHI WETU

KILA shule zinapofungwa, malalamiko ya wazazi katika mji wa Voi na vijiji vilivyo chini ya milima ya Sagalla, ambayo wamishenari wa karne ya 19 waliiita Ndara, hufanana. Mtoto hashiki jembe, hachungi mbuzi wala hafungui kitabu. Ameinamia simu tangu asubuhi hadi usiku wa manane.

Dawa wanayoijua wengi ni moja: kumpokonya. Simu hufungiwa kabatini, mtoto hununa siku mbili, kisha mzazi huirejesha kwa kuwa mwalimu ametuma kazi ya likizo, au kwa kuwa hana njia nyingine ya kumtuliza mdogo wake. Suala huishia hapo hadi likizo nyingine.

Hata hivyo, hatari inayomkabili mtoto mtandaoni haikai ndani ya kifaa chenyewe. Inatokana na watu anaokutana nao humo, na huzidishwa na ukimya wake mambo yanapomwendea mrama. Mtoto anayejua kwamba akisema atachapwa na kupokonywa simu hatasema, na mtoto asiyesema ndiye anayetafutwa na walaghai.

Ndiyo maana wataalamu wa malezi husisitiza kwamba ulinzi wa kweli hauanzi kwa kufuli wala kwa programu ya kuchuja picha. Huanza kwa mazungumzo yatakayomfanya mtoto amkimbilie mzazi wake, badala ya kumkimbia, siku atakapotishwa.

Simu imekuwa sehemu ya masomo

Katika miaka ya 2000, aliyetaka intaneti katika miji kama Voi alienda kwenye saiba, akalipia kwa dakika, na skrini yake ikaonekana na kila aliyepita nyuma ya kiti. Leo intaneti imo mfukoni, na anayeitumia hujifunika nayo blanketi kitandani bila jirani kujua.

Kumweka mtoto mbali nayo kabisa si rahisi tena. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na zaidi ya vifaa milioni 1 vikagawanywa kote nchini. Machi 2020 shule zilipofungwa kutokana na janga la korona, masomo yalihamia redioni, runingani na mitandaoni, na wazazi waliokuwa wameapa kutowapa watoto simu wakalazimika kuwapa.

Mtaala wa umilisi nao unataja ujuzi wa dijitali kuwa mmojawapo wa umilisi 7 wa msingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Kwa hivyo mzazi anayemzuia mtoto wake kabisa humnyima pia kitu ambacho shule inadai awe nacho.

Voi ina hali yake ya kipekee. Mji huu uko njia panda: barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita hapa, barabara ya Taveta inayoelekea mpaka wa Tanzania huanzia hapa, na tangu 2017 treni za reli ya kisasa husimama hapa. Wapo wazazi wanaotafuta riziki Mombasa au Nairobi, watoto wakibaki na babu na nyanya vijijini.

Katika nyumba kama hizo, simu ndiyo kamba inayomfunganisha mzazi na mwanawe. Hutumika kutuma pesa, kuulizia afya na kutazamana nyuso. Lakini nyanya anayeijua kila njia ya ndovu kuzunguka shamba lake huenda asijue mjukuu anazungumza na nani baada ya taa kuzimwa.

Jinsi mlaghai anavyomnasa mtoto

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto anayenaswa mtandaoni ni yule aliyeharibika tabia. Si kweli. Anayenaswa aghalabu ni mtoto wa kawaida aliyesalimiwa kwa upole na mtu anayejua anachokifanya. Njia inayotumiwa inajulikana, na mzazi akiifahamu anaweza kuitambua mapema.

Kwanza huja urafiki. Mtu hujitambulisha kuwa kijana wa rika moja na mtoto, mara nyingi kwa picha ambayo si yake. Humsifu, humsikiliza, humuuliza habari za shule na za nyumbani. Hachukui hatua yoyote mbaya kwa siku au hata wiki kadhaa.

Pili, humtenga. Humwomba wahame kutoka mahali ambapo wengine wanaona, waandikiane faraghani, na humsihi asimwambie mtu. Neno “siri” likianza kutajwa kati ya mtoto na mtu asiyejulikana na wazazi wake, hiyo ni dalili ya kwanza ya hatari.

Tatu, hutoa zawadi. Huweza kuwa bando, shilingi 100 kwenye simu, au ahadi ya simu mpya. Mtoto hujiona ana deni.

Nne, huomba picha. Huanza na ya uso, kisha ya sare, kisha isiyo na sare. Picha hiyo ya mwisho ikishatumwa, urafiki hufa papo hapo. Hufuata vitisho: tuma nyingine, tuma pesa, au njoo tukutane, la sivyo picha itafika kwa mwalimu wako, kwa mchungaji au imamu wako, na kwa mama yako.

Wavulana hawajasalimika. Katika visa vilivyoripotiwa katika nchi nyingi, wao hutishwa zaidi ili watoe pesa, na hutakiwa kulipa kwa saa chache tu ili wasipate nafasi ya kuwaza wala kuomba ushauri.

Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na mashirika ya ECPAT, Interpol na UNICEF na ambao ripoti yake kuhusu Kenya ilitolewa mwaka 2021, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini walikuwa wametendewa unyanyasaji wa kingono wa aina hii katika mwaka mmoja uliotangulia. Katika darasa la wanafunzi 40 wanaotumia intaneti, hao ni watoto wawili hadi watano.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mkosaji si mgeni kila mara. Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto alimfahamu tayari. Kwa hivyo onyo la “usizungumze na usiowajua” ni jema, lakini halitoshi.

Matatizo mengine

Mwezi Machi 2025, shirika la habari la BBC liliripoti kuwa vijana wenye umri mdogo nchini Kenya walikuwa wakitumiwa katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok yenye maudhui ya ngono, watazamaji wakiwatumia zawadi zinazogeuzwa kuwa pesa. Mamlaka ya Mawasiliano Kenya (CA) iliitaka kampuni hiyo kuchukua hatua. Kanuni za TikTok zenyewe humkataza aliye chini ya miaka 18 kurusha matangazo ya moja kwa moja, lakini mtoto anayedanganya umri wake huipita kanuni hiyo.

Kamari ni mtego mwingine. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, ila laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, na mtambo hauoni kidole kinachobonyeza ni cha nani. Mzazi anayempa mtoto nambari yake ya siri ya M-Pesa ili amtume dukani amempa pia ufunguo wa kamari na wa mikopo ya simu.

Uonevu miongoni mwa wanafunzi nao umebadilika. Zamani aliyedhihakiwa shuleni alipumua alipofika nyumbani. Sasa dhihaka humfuata hadi chumbani kupitia makundi ya WhatsApp ya darasa. Aidha, programu za akili unde zinaweza kutengeneza picha bandia ya utupu kutokana na picha ya kawaida ya sherehe ya shule. Mtoto anaweza kutishwa kwa picha ambayo hakuipiga kamwe.

Kwa nini watoto hunyamaza

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini ni nani humfundisha mtoto kuuficha uchi huo?

Mara nyingi ni sisi wenyewe. Mtoto wa darasa la 6 akionyesha video chafu iliyotumwa kwenye kundi, wa kwanza kukemewa ni yeye: “Umeitoa wapi? Nani alikuambia uifungue?” Simu huchukuliwa na kiboko hufuata. Funzo analobaki nalo si kwamba video hiyo ni mbaya. Funzo ni kwamba kusema kuna gharama.

Mlaghai hulijua hilo vyema. Kauli yake kuu, kwamba mzazi akijua atakuua, huwa na nguvu kwa sababu mtoto anaiona kuwa kweli. Mzazi aliyekwisha kumhakikishia mwanawe kinyume chake huwa amemnyang'anya mlaghai silaha yake kubwa hata kabla hawajakutana.

Katika jamii zetu, suala la ngono ni zito kulizungumzia kati ya mzazi na mtoto. Hapo awali mzigo huo ulibebwa na shangazi, wajomba, babu na nyanya, waliokuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo mama na baba walionea haya. Nafasi hiyo ingalipo. Mzazi anayeshindwa na amteue shangazi au mjomba mwaminifu, na amwambie mtoto waziwazi kwamba huyo ndiye wa kuendea. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo sasa umo katika simu.

Funzo la uzio wa nyuki

Wakulima wa Sagalla wana mfano mzuri karibu nao. Kwa zaidi ya muongo mmoja, baadhi yao, wakishirikiana na shirika la Save the Elephants, wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki ili kuwafukuza ndovu wanaotoka mbuga ya Tsavo. Mizinga huning'inizwa umbali wa mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki huamka, naye hurudi alikotoka.

Uzio huo si ukuta. Ndovu angeweza kuuangusha akitaka. Kinachoulinda mmea ni uhai uliomo ndani ya mizinga. Ukame unapozidi na nyuki kuhama, mizinga mitupu hubaki kuwa masanduku tu, na mkulima lazima aikague, aisafishe na kuirudishia nyuki.

Kanuni za simu nyumbani zina tabia hiyo hiyo. Nywila, muda wa kutumia na programu za kuchuja ni mizinga. Uhusiano wa mzazi na mtoto ndio nyuki. Kanuni zisizo na uhusiano mtoto huziangusha kwa siku moja, kwani aghalabu yeye huijua simu kuliko mzazi.

Mwongozo kulingana na umri

Kwa watoto wachanga, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Simu isiwe yaya. Mtoto wa umri huu hujifunza lugha kwa kuongeleshwa na watu.

Kwa watoto wa shule ya msingi, wengi wakiwa wanatumia simu ya mzazi, hatua chache hufaa sana. Simu itumike sebuleni au uani, si chumbani. Simu nyingi za Android zina njia ya kuifungia skrini kwenye programu moja, ili mtoto anayesoma hadithi asiweze kutoka humo bila nambari ya siri. Katika WhatsApp, mzazi abadilishe mpangilio ili picha na video zisijipakue zenyewe, na ili watu wasiojulikana wasiweze kuiongeza namba yake katika makundi.

Programu ya Family Link ya Google, ambayo hailipiwi, humwezesha mzazi kuidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, na kuweka saa ya simu kulala. Mzazi aliye Mombasa anaweza kuisimamia simu iliyo kijijini akiwa huko huko, jambo linalompunguzia nyanya mzigo.

Ikumbukwe kwamba Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zenyewe huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga. Mzazi anayemfungulia akaunti mtoto wa miaka 9 kwa kuandika umri wa uongo humwondolea ulinzi ambao kampuni huwawekea wadogo, kwa kuwa mtambo humhesabu kuwa mtu mzima.

Kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, amri pekee hazifai. Wanahitaji mapatano: simu zote, ikiwemo ya baba, huwekwa mezani wakati wa chakula, saa tatu usiku huchajiwa sebuleni, namba ya siri mzazi anaijua, lakini hafungui mazungumzo kisirisiri pasipo sababu. Kijana anayeheshimiwa faraghani ana sababu ya kueleza jambo.

Mazungumzo yenyewe si lazima yawe marefu. Mzazi anaweza kusema: “Mwanangu, mtu akikuomba picha, akikutisha, au ukikosea ukatuma, njoo uniambie hata kama ni usiku. Sitakupiga wala sitaichukua simu. Tutalitatua pamoja.” Akishaahidi hivyo, ni lazima atimize, hata siku ambayo atayasikia ya kumkasirisha.

Mambo yakiharibika

Mtoto akieleza kwamba anatishwa, hatua za saa za mwanzo ndizo muhimu.

Mosi, mshukuru kwa kusema. Usianze na lawama.

Pili, msilipe pesa wala kutuma picha nyingine. Anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi.

Tatu, msifute chochote. Andikeni jina la akaunti, namba ya simu na tarehe, na mhifadhi ujumbe wa vitisho pamoja na kumbukumbu za pesa zilizotumwa, kwani huo ndio ushahidi. Kisha mzuieni mtu huyo na kuiripoti akaunti yake kwa kampuni yenye mtandao.

Nne, msisambaze picha ya mtoto kwa jamaa au kwenye kundi la wazazi, hata kwa nia ya kuonya. Kila anayeisambaza humuumiza mtoto upya na hujiweka mwenyewe hatarini kisheria.

Tano, tafuteni msaada. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ripoti pia hupelekwa kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huduma ya mtandaoni ya Take It Down, isiyolipiwa, husaidia kuzuia picha za utupu za walio chini ya miaka 18 zisienee katika mitandao mikubwa, na haimtaki mtoto kuikabidhi picha yenyewe.

Mtoto aliyepitia hayo asiachwe peke yake siku zinazofuata. Aibu humfanya aone kwamba maisha yamekwisha. Aambiwe tena na tena kwamba kosa ni la aliyemtisha.

Sheria inasemaje

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kwamba anayetengeneza, kusambaza au kumiliki picha za ngono za watoto anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh20 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 25, au adhabu zote mbili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inautaja waziwazi unyanyasaji wa mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo ambayo mtoto ana haki ya kulindwa dhidi yake.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hudai idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule zinazotangaza matokeo na sherehe mitandaoni zina la kujifunza hapo. Hata mzazi na ajiulize kabla ya kumweka mwanawe mtandaoni akiwa na sare inayotaja jina la shule.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Tangu Desemba 10, 2025, Australia imezitaka kampuni za mitandao mikubwa ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Kenya haijafika huko, ingawa mwaka 2025 CA ilitoa mwongozo unaozitaka kampuni za mawasiliano kuweka njia za kuthibitisha umri na kuwalinda watoto.

Lakini sheria humshika mkosaji baada ya kosa, na mtoto anahitaji mtu kabla ya hapo. Baraza za chifu, mikutano ya wazazi siku za kufunga shule, makanisa na misikiti ya Voi ni mahali ambapo somo hili linaweza kutolewa kwa nusu saa tu, kwa lugha ambayo nyanya na babu wanaielewa. Mwalimu mmoja anayejua kubadilisha mpangilio wa WhatsApp anaweza kuwafunza wazazi wa darasa zima kwa alasiri moja.

Mzazi asiyejua teknolojia naye asikate tamaa. Anaweza kuanza leo jioni kwa kumwomba mwanawe amwonyeshe anachokipenda kwenye simu, na kuketi naye akitazama bila kukemea. Mtoto aliyezoea kumwonyesha mzazi mambo yanayomchekesha atapata wepesi wa kumwonyesha yanayomtisha.